Konda Anagonga Bodi: Barua ya Wazi Kuhusu Tezi ya Shingo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, pamoja na wakurugenzi wa halmashauri zetu na waganga wakuu wao.

YAH: KIPIMO CHA DAMU CHA TSH NA DAWA ZA TEZI YA SHINGO VIPATIKANE KUANZIA HOSPITALI ZA WILAYA

Waheshimiwa,

Wenye umri wa kuamkiwa, shikamooni. Wengine, habari za kazi.

Mara ya kwanza nilipoandikiwa kwenda kumwona daktari wa tezi, binti wa mapokezi alikisoma kikaratasi, akaniangalia, akakisoma tena. "Mama, tezi dume ni ya wanaume." Benchi zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Simlaumu yule binti. Katika nchi hii neno tezi limekwisha kuchukuliwa na baba zetu, na linalobaki tunawapa mitoki ya kwapani. Hii ninayoiandikia barua, iliyokaa mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo na mabawa yake mawili kama kipepeo, mtaani haina jina mpaka ivimbe. Ikivimba inaitwa goita, au rovu kwa wenye Kiswahili cha zamani. Kamusi zinaiita dundumio. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 19 na sijamsikia mgonjwa wala nesi akilitamka neno hilo.

Ugonjwa wangu ulianzia mkononi. Nilikuwa ubaoni, Kidato cha Pili, nachora jedwali la ngeli, chaki ikaanza kucheza. Nikiandika A-WA, ile W inatoka kama mawimbi ya Ziwa wakati wa kusi. Watoto hawana siri. Kabla wiki haijaisha nikasikia kwamba mwalimu siku hizi hupitia kwa mama muuza gongo kabla ya kipindi cha kwanza. Baadaye nguo zikaanza kunipwaya. Nilikuwa nakula ugali na sato mpaka watu wa nyumbani wananitazama, saa moja baadaye njaa tena, na bado nakonda. Moyo ulinienda mbio nikiwa nimekaa nasahihisha madaftari. Usiku wa Julai, wenzangu wamejifunika mablanketi, mimi nimelala kwenye saruji tupu natoka jasho.

Mwanamke akikonda ghafla hapa mjini, hakuna anayefikiria tezi. Wakasema nimekanyaga waya. Nilipima VVU mara tatu katika vituo vitatu, na mara zote majibu yalikuwa sina. Nikatibiwa taifodi mara mbili. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo, za minyoo, kisha za presha. Shemeji yangu, kwa nia njema kabisa, alinipeleka kwa mtaalamu aliyegundua kuwa mkono wangu umefungwa na mwalimu mwenzangu anayeutaka umakamu wangu wa mkuu wa shule. Cheo hicho sijawahi kuwa nacho.

Miezi saba ilipita hivyo. Katika miezi hiyo nilipigwa picha ya utrasaundi ya shingo mara tatu, nikalipia mara tatu, na mara tatu nikaambiwa tezi imekuwa kubwa kidogo. Picha ya namna hiyo ina kazi yake: ikionyesha kivimbe cha kutilia shaka, daktari anajua pa kuchoma sindano ili achukue chembe za kupima saratani. Lakini picha inaonyesha ukubwa wa jiko tu. Haisemi moto umewashwa kiasi gani. Hilo linasemwa na damu, na damu yangu hakuna aliyeiuliza.

Naomba nieleze kipimo chenyewe, maana natumaini barua hii itasomwa pia na maofisa wa fedha, ambao ndio wanaokata bajeti. Tezi ni dereva. Inatengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, utumbo, joto, akili, hata siku za mwanamke. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, na huyo ndiye konda. Dereva akizembea, konda anagonga bodi. Akizidi kuzembea, konda anagonga kwa nguvu zaidi. Dereva akiendesha kama kichaa, konda ananyamaza kimya. Kule kugonga ndiko TSH, homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi. Ikiwa juu, kwa kawaida tezi imelegea. Ikikaribia sifuri, kwa kawaida tezi imepitiliza. Kikipatikana kitu kisicho cha kawaida, unapimwa na homoni ya tezi yenyewe, iitwayo T4, ili kuthibitisha. Kwa wagonjwa walio wengi jibu la mwanzo hutoka kwenye kichupa kimoja cha damu.

Damu yangu ilipopimwa hatimaye, konda wangu mimi alikuwa amenyamaza kabisa. Daktari aliyesoma majibu aliniambia ni ugonjwa wa Graves, ambao kinga ya mwili yenyewe huichochea tezi ifanye kazi bila breki, na huweza kuyasukuma macho nje. Nilianzishiwa kabimazoli, vidonge sita vya miligramu 5 kwa siku, na propranololi ya kutuliza moyo na mikono. Ndani ya wiki ile ile nikaandika A-WA ikanyooka. Kidato cha Pili wakaniambia, "Mwalimu, umeacha?" Nikawaambia nimeacha.

Matibabu hayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ugonjwa ukirudi, kuna upasuaji, na kuna madini joto ya mionzi ambayo tangu zamani watu wa huku wameyafuata Ocean Road, Dar es Salaam. Sitakaa sana hapo. Mgonjwa aliyefikishwa kwa bingwa amekwisha kupata njia. Ninaowaandikia habari zao ni wale ambao hawajafika, akiwamo mama yangu mdogo wa Ukerewe.

Mama mdogo ana miaka 58 na kazi yake ni dagaa. Tangu nikiwa mdogo namjua kama mtu wa kuamka saa kumi alfajiri kusubiri mitumbwi ya karabai, akapimiwa ndoo zake, akaanika mchangani kabla jua halijachomoza. Miaka miwili iliyopita alianza kuwa mzito. Mchana wa Nansio, jua la kukaanga, yeye amevaa sweta. Sauti ilishuka mpaka nikimpigia simu nadhani amepokea baba mdogo. Uso ukamjaa, ngozi ikawa kama magamba, choo anapata kwa wiki mara moja. Siku moja mvua ilinyesha dagaa wakiwa mchangani na yeye amelala kwenye mkeka barazani, hatua ishirini tu kutoka walipoanikwa. Hakuamka. Mzigo wote ukaoza. Watoto wake walikuwa wamekwisha kukata kauli: uzee umemwingia mapema, tena na uvivu. Zahanati walisema damu imepungua wakampa vidonge vya kuongeza damu. Damu ilikuwa imepungua kweli, hata hivyo, maana tezi ikilegea huweza kuleta na hilo.

Kama mimi mwenyewe nisingekuwa nimeugua, ningesema kama watoto wake. Nilimleta Mwanza kwa meli. Damu ikachukuliwa Jumanne. Tukaambiwa vitendanishi, yaani dawa za kupimia za maabara, vimekwisha, turudi Ijumaa. Ijumaa tukaambiwa Jumatatu. Jibu lilitoka siku ya tisa: TSH zaidi ya 100, wakati kwa kawaida haizidi 4 au 5. Konda alikuwa amegonga bodi mpaka mkono umemvimba. Siku tisa hizo alikaa kwangu bila kufanya biashara. Ukijumlisha nauli, chakula na mtaji wa dagaa uliokaa bure, kipimo chenyewe ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote.

Hospitali hiyo sitaitaja, kwa sababu jina lake halitasaidia kitu. Mashine ilikuwapo, imefunikwa kitambaa safi, na mtaalamu wa maabara alikuwapo kazini kwake. Kilichokosekana ni boksi la vitendanishi, nalo lilikosekana kwa sababu kipimo cha tezi hakihesabiwi kati ya vile ambavyo vikiisha mtu anapigiwa simu usiku. mRDT, vile vipimo vya haraka vya malaria, zikiisha kuna kelele. Vipimo vya VVU vikiisha kuna kelele. TSH ikiisha mgonjwa anaambiwa "njoo Ijumaa".

Tena tunazungumzia tiba isiyo ngeni duniani. Mwaka 1891 daktari mmoja wa Newcastle, Uingereza, George Murray, alimchoma sindano za dondoo la tezi ya kondoo mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa katika hali kama ya mama mdogo. Yule mama akainuka, akaishi miaka 28 zaidi akitumia tezi ya kondoo. Leo kondoo hahitajiki. Kuna kidonge cha levothairoksini, homoni ile ile iliyotengenezwa kiwandani, na kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa vipimo vya maikrogramu 25, 50 na 100. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee au mwenye moyo dhaifu huanza kidogo na kupandishwa taratibu, TSH inarudiwa baada ya wiki sita hadi nane, basi. Ni dawa ya maisha, lakini kwa siku ni kidonge au viwili, bila sindano wala friji.

Hata hivyo, mama mdogo alimeza dawa wiki nane na TSH ikabaki juu. Daktari akataka kupandisha dozi. Aliyetuokoa ni nesi wa dirisha la dawa (sijui jina lake, ila mkipata nafasi mpandisheni cheo), ambaye aliuliza swali moja: "Mama, unameza na nini?" Mama mdogo akajibu kwa fahari kwamba hakosei, kila asubuhi anameza vyote pamoja, cha tezi na cha kuongeza damu, kwa chai ya maziwa. Madini ya chuma hukikamata kidonge cha tezi tumboni kisiingie mwilini, na maziwa nayo hukipunguza nguvu. Dawa hii humezwa kwa maji matupu kabla ya kula, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na vidonge vya damu vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne. Sasa wazeni wajawazito wa visiwani. Kila mmoja anapewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, jambo jema. Mwenye tezi iliyolegea akishika mimba huhitaji levothairoksini zaidi, kama robo ya dozi au kupita, tena mapema, maana mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo. Nani anamwambia?

Na mimi nilinyamaziwa vilevile. Mwezi wa pili wa kabimazoli nilipata homa na koo likawasha kama nimemeza mwiba wa furu. Nilikwenda kituo cha karibu. Huku kwetu homa ni malaria mpaka mRDT iseme hapana. Ikasema hapana, nikapewa antibiotiki nikarudi nyumbani. Ni baadaye sana nilipoikunjua ile karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa, imeandikwa Kiingereza kwa herufi za ukubwa wa chawa, ndipo nikasoma kuwa kabimazoli mara chache huua chembe nyeupe za damu, na kwamba mtu akipata homa na koo kuuma anapaswa kusimamisha dawa na kupimwa picha kamili ya damu siku hiyo hiyo. Kipimo hicho, FBP, kinapatikana katika vituo vingi vya afya. Bahati yangu koo lilikuwa koo tu. Lakini maisha ya mtu yasitegemee kama ana macho ya kusoma chawa.

Niguse chumvi kidogo, maana kila nikizungumzia tezi watu huniambia, "Kula chumvi yenye madini joto itapona." Kwa mgonjwa kama mimi au mama mdogo haiponyi, na ukiongeza chumvi unajiitia presha. Madini joto ni ya kinga, na kwa kinga hiyo nchi ilifanya kazi kubwa: miaka ya 1980 tuligawa vidonge vyake katika wilaya zilizoathirika, na katikati ya miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa kuyatia kwenye chumvi ya kula. Ila sisi wa Ziwa tuna kiburi cha samaki. Tunadhani anayekula samaki kila siku hawezi kukosa madini joto. Hiyo ni habari ya samaki wa baharini. Sangara, sato na dagaa wetu ni wa maji baridi, na madini hayo wanayo kidogo. Ongeza ugali wa udaga, ambao nimekulia na nitaula mpaka kufa: muhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri hubakiza sumu ambayo mwilini hugeuka kitu kinachoizuia tezi kuvuta madini joto. Halafu nendeni sokoni mtazame chumvi inayopimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lililo wazi juani tangu asubuhi. Mabwana afya wana kichupa cha majimaji ambacho tone lake huipaka chumvi yenye madini joto rangi ya zambarau. Wapite nacho, hata mara moja kwa mwezi.

Sasa maombi, na nitajitahidi yasiwe ya kufikirika.

La kwanza ndilo kubwa, na mkilikubali hilo peke yake sitawasumbua tena. TSH iingizwe katika orodha ya vipimo ambavyo hospitali ya wilaya hairuhusiwi kukosa, na vitendanishi vyake viandikwe katika mpango wa afya wa kila halmashauri kwa jina. Najua mtauliza pesa. Mahali ambapo mashine haipo, sampuli isafirishwe. Njia ipo tayari: damu za kupima wingi wa VVU na makohozi ya kifua kikuu husafirishwa kutoka zahanati za mbali hadi maabara kubwa na majibu yanarudi. Serumu ya TSH, yale majimaji ya damu yanayopimwa, ikikaa kwenye ubaridi huvumilia siku kadhaa. Iwekwe kwenye boksi lilelile, pikipiki ileile, meli ileile. Asafiri mrija wa damu, mama mdogo abaki na dagaa wake.

Njia hiyo hiyo ingewafaa watoto wachanga. Duniani, katika kila watoto 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa, mmoja huwa na tezi isiyofanya kazi. Siku za kwanza anaonekana mzima. Akianzishiwa dawa ndani ya wiki mbili, akili yake hukua kama ya wenzake, na akicheleweshwa kilichopotea hakirudi. Kanada walianza kuwapima wachanga wote katika miaka ya 1970. Sisi tunao ujuzi wa kumchoma mtoto kisigino, kudondosha damu kwenye kadi, kuikausha na kuituma. Ndivyo wanavyopimwa watoto wa akina mama wenye VVU. Sidai leo muwapime wote. Anzeni na mchanga ambaye manjano hayaishi, analia kwa sauti ya kukwaruza, ulimi mkubwa, kitovu kimetoka, hanyonyi. Mimi niliye mwalimu nimewahi kukaa darasani na watoto ambao tuliwaita wazito, na siku hizi nawakumbuka usiku.

Dawa nazo ziwepo zikiwa kamili. Nimemkuta mama mdogo ameweka kidonge cha 100 juu ya kifuniko cha ndoo, anakikata kwa wembe aipate 50 yake, unga unapeperuka na upepo, kwa sababu duka la dawa lililokuwa nayo lilikuwa na aina hiyo moja tu. Levothairoksini ni dawa ambayo tofauti ndogo ya dozi huonekana kwenye damu. Na kwa kuwa sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, ninaomba mnapopanga kitita cha mafao mkumbuke kwamba mgonjwa wa tezi hamalizi tiba, na kwamba kipimo chake kisimlazimishe kupanda hadi Bugando, hospitali yetu ya rufaa ya kanda. Waachieni mabingwa wa kule mlimani kazi inayowahitaji wao.

Najua pia kwamba zahanati na hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI, na hospitali za rufaa chini ya Wizara, na kwamba barua ya namna hii inaweza kuzunguka kati ya meza mbili mpaka karatasi ichoke. Ndiyo maana nimewaandikia wote kwa pamoja.

Kuhusu kadi ya mgonjwa, hilo sitaki mlitafutie mzabuni. Ni karatasi moja ya Kiswahili: dawa hii inamezwa vipi, isimezwe na nini, ukiona homa na koo ukimbilie wapi, ukishika mimba umwambie nani. Nipeni daktari mmoja wa kunisahihisha, nitaiandika bure katika likizo ya Juni, na Kidato cha Pili watanisaidia kuisoma kama inaeleweka.

Jibu lenu nalisubiri. Likija kwa maandishi, naomba herufi ziwe kubwa kidogo. Mkono umepona, macho bado.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, sekondari moja ya Ilemela, Mwanza